Namna ya Kulikwamua Gari la Formula Lililoachwa Nyuma

Gari la Formula, yaani gari la mbio lenye kiti kimoja na magurudumu yaliyo wazi, linapoanza msimu likiwa nyuma ya wenzake kwa sekunde nzima kila mzunguko, shinikizo la kwanza linalowashukia wahandisi ni kuleta vipuri vipya haraka: bawa jipya la mbele, sakafu mpya, mbavu mpya (maumbo ya pembeni, kushoto na kulia kwa dereva). Mwongozo huu unapendekeza njia iliyo polepole kidogo mwanzoni. Gari bovu huwa na kasoro mbili kwa pamoja, moja ikiwa kwenye gari lenyewe na nyingine kwenye vyombo vya upimaji vilivyowaaminisha wabunifu wake kwamba litakuwa gari zuri. Anayeshughulikia kasoro ya kwanza kabla ya ile ya pili hutengeneza sakafu mpya kwa rula ileile iliyompotosha alipotengeneza ya zamani.

Mifano mingi humu ni ya Formula 1, kwa kuwa ndiko habari za magari yaliyokwama na yaliyokwamuka zinakojulikana zaidi, lakini utaratibu wenyewe unafaa ngazi yoyote ambayo kanuni zinairuhusu timu kubadili umbo la gari lake. Katika mashindano ambayo timu zote hununua gari la aina moja kwa mtengenezaji mmoja, nusu ya maelezo haya haitakusaidia, ingawa sehemu ya mizani na ya dereva bado ni yako.

Gawanya upungufu kabla ya kuutafutia dawa

Sekunde moja kwa mzunguko ni jumla ya hasara ndogondogo, na kila moja ina chanzo chake. Katika Formula 1 kila timu hupokea data ya setilaiti inayoonyesha mahali na kasi ya magari yote, kwa hiyo inawezekana kulaza mstari wa kasi ya gari lako juu ya ule wa mpinzani na kuona mnapoachana. Katika ngazi za chini, kamera moja iliyosimamishwa kwenye kona na saa ya kupimia vinatosha kuanzia. Gawanya mzunguko katika kona za polepole, za wastani na za kasi, maeneo ya kufunga breki, na sehemu zilizonyooka. Kisha andika hasara ya kila kundi kwa vikao kadhaa, maana katika mazoezi wapinzani hubeba mafuta ya viwango tofauti na kuendesha injini kwa nguvu tofauti, na kikao kimoja kinaweza kukupa picha isiyo ya kweli.

Mgawanyo huu una maana kwa sababu nguvu ya hewa inayoligandamiza gari kwenye lami huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Mgandamizo unaopatikana kwenye kilomita 100 kwa saa huwa mara nne kwenye kilomita 200 na mara tisa kwenye kilomita 300. Kwa hiyo gari linalopoteza muda kwenye kona za polepole peke yake huenda lina tatizo la matairi, la springi, au la namna nguvu ya injini inavyofika kwenye magurudumu ya nyuma, na kulifunga bawa kubwa zaidi kutapunguza kasi yake kwenye sehemu zilizonyooka bila kuponya chochote. Gari linaloachwa kwenye kona za kasi huku likipita wenzake kwenye sehemu iliyonyooka huenda limekosa tu pembe sahihi ya bawa. Lenye kazi ni lile linaloachwa kote kuwili, kwa sababu hilo linalipa ukinzani wa hewa bila kupata mgandamizo unaolingana na malipo hayo.

Likiachwa karibu sawasawa kila mahali, lipime uzito kabla ya kitu kingine chochote. Kilo 10 za ziada hugharimu takriban sehemu tatu za kumi za sekunde kwa mzunguko kwenye njia ya kawaida, na hakuna bawa linaloleta faida hiyo kwa urahisi kama kupunguza uzito. Kanuni mpya zilipoanza mwaka 2022, kiwango cha chini kabisa cha uzito kilikuwa kilo 798 na timu kadhaa zilianza msimu zikiwa juu yake. Ndiyo maana magari mengi yalionekana yakiwa na sehemu kubwa za nyuzi za kaboni zisizopakwa rangi. Rangi nayo ina uzito.

Hakiki vyombo vyako

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Habari za hewa hutoka mahali patatu: kwenye kompyuta inayoiga mtiririko wa hewa, kwenye handaki la upepo, yaani chumba ambamo upepo hupulizwa juu ya kielelezo kidogo cha gari, na kwenye gari lenyewe likiwa barabarani. Vyanzo hivi vitatu havitalingana kikamilifu, na havihitaji kulingana kikamilifu. Unachohitaji ni kujua vinatofautiana kwa kiasi gani, wapi, na kama tofauti hiyo haibadiliki kila unapobadilisha kipuri.

Handaki la upepo ndilo chombo kinachoaminiwa kupita kiasi. Kanuni za Formula 1 zinaruhusu kielelezo kisichozidi asilimia 60 ya ukubwa wa gari halisi, na upepo usiozidi mita 50 kwa sekunde, yaani kilomita 180 kwa saa. Tabia ya hewa inayoambaa juu ya uso wa kitu hutegemea zao la ukubwa wa kitu na kasi ya hewa, ambalo wahandisi hulieleza kwa namba ya Reynolds. Ukizidisha 0.6 kwa mita 50 unapata 30, maana yake ni kwamba kielelezo hicho, hata upepo ukiwa katika kiwango cha juu kabisa, kinaliwakilisha kwa usahihi gari halisi linalokwenda mita 30 kwa sekunde, sawa na kilomita 108 kwa saa. Gari likifika kilomita 300 kwa saa, handaki linakuwa na zaidi kidogo tu ya theluthi moja ya namba ya Reynolds inayohitajika. Hewa inayobanduka kwenye ukingo wa bawa la kielelezo inaweza isibanduke kwenye gari halisi, na kinyume chake kinaweza pia kutokea.

Kuna pia mambo ambayo handaki haliyaoni kabisa. Mwaka 2022, sakafu zenye mifereji ya kunyonya gari chini ziliporudi, magari mengi yalianza kudundadunda kwenye sehemu zilizonyooka tangu majaribio ya Barcelona ya Februari. Kielelezo kilichoshikwa na nguzo ndani ya handaki hakina springi zake wala matairi yake halisi, kwa hiyo hakiwezi kuonyesha mzunguko wa sakafu kunyonywa hadi karibu na lami, hewa kukatika chini yake, gari kuinuka, kisha kunyonywa tena. Waliowahi kusoma habari za magari ya mwishoni mwa miaka ya 1970 walilijua tatizo hilo kwa jina la Kiingereza, porpoising, lakini kulijua jina hakukuzuia Mercedes kupoteza sehemu kubwa ya msimu ikipambana nalo.

Uhakiki wenyewe hufanyika hivi. Chagua hali chache za gari zinazoweza kurudiwa: kasi isiyobadilika, tuseme kilomita 200 kwa saa, kwenye sehemu iliyonyooka, usukani ukiwa umenyooka na mafuta yakiwa kiasi kinachojulikana. Funga nguzo za vipimo vya shinikizo la hewa nyuma ya magurudumu ya mbele, mahali ambapo mkia wa hewa iliyovurugwa na tairi huanza safari yake kuelekea kwenye sakafu. Weka vitambuzi vya leza vya kupima umbali kati ya sakafu na lami, vipima nguvu kwenye fito za springi, na matundu madogo ya kusoma shinikizo chini ya sakafu. Kisha iagize kompyuta na handaki virudie hali ileile, kwa kimo kilekile cha sakafu kilichopimwa barabarani, wala si kile kilichopangwa kwenye karatasi. Timu nyingi hukosea hapo: hulinganisha gari lililoshuka milimita tano kwa sababu matairi yamebonyea na kielelezo ambacho hakijashuka hata kidogo.

Tofauti ikijitokeza, ifuatilie kutoka mbele kwenda nyuma. Hewa hupita kwenye bawa la mbele, ikagusa magurudumu, ikaingia chini ya sakafu na kutokea kwenye difyuza, yaani mwisho wa sakafu unaopanda juu nyuma ya gari, kwa hiyo kila kipuri hurithi makosa ya kipuri kilichokitangulia. Mahali pa kwanza ambapo vipimo vya barabarani vinaachana na vya handaki ndipo penye kosa. Yote yanayoonekana nyuma ya hapo ni matokeo. Rangi ya kung'aa iliyochanganywa na mafuta mepesi na kupakwa kwenye bawa au ukingo wa sakafu itakuonyesha, gari likirudi gereji, michirizi ya hewa iliyoshikamana na uso na madoa yaliyotuama pale hewa ilipobanduka. Piga picha mara moja kabla fundi yeyote hajaigusa.

Uhakiki wa namna hii unaweza kuleta jibu gumu. Ferrari, katika msimu wa 2012, ilikuwa na gari lililoanza vibaya na handaki ambalo matokeo yake hayakulingana vya kutosha na ya barabarani. Mwishoni mwa mwaka huo ililifunga handaki lake la Maranello ili lifanyiwe marekebisho, ikahamishia kazi kwenye handaki la Toyota mjini Cologne. Dereva wake Fernando Alonso alikosa ubingwa wa mwaka huo kwa pointi 3 tu.

Tafuta mgandamizo unaotumika

Gari linapimwa katika hali mamia kwa mamia: sakafu ikiwa juu au chini, mbele na nyuma, gari likiwa limelala upande, usukani ukiwa umekatwa, upepo ukitokea ubavuni. Matokeo hukusanywa katika ramani moja ya mgandamizo. Kishawishi kikubwa ni kuipima ramani hiyo kwa kilele chake. Fanya kinyume: hesabu gari linakaa sekunde ngapi katika kila hali kwa mzunguko mzima, kisha upe kila eneo la ramani uzito kulingana na sekunde hizo. Sakafu inayotoa mgandamizo wa ajabu ikiwa karibu kabisa na lami, halafu ikaporomoka gari linapoinuka kidogo, inaweza kushindwa na sakafu yenye kilele cha chini na mteremko mpole.

Mercedes W13 ya 2022 ndiyo somo lililo wazi zaidi. Mgandamizo wake mkubwa ulikuwa karibu sana na ardhi, mahali ambapo gari halikuweza kuendeshwa bila kudundadunda, na timu ilipoliinua ili dereva aweze kuona njia, mgandamizo ule ulipotea. Ilishinda mbio moja tu mwaka huo, ya São Paulo, ikiendeshwa na George Russell. Mwaka uliofuata timu iliendelea na mbavu zake nyembamba hadi mbio za Monaco, ndipo ilipozibadilisha. Mimi sidhani mbavu zenyewe ndizo zilizokuwa tatizo kuu. Zilionekana na kila mtu, na kitu kinachoonekana hulaumiwa upesi kuliko sakafu iliyojificha.

Kushuka chini kuna ukomo mwingine. Ubao ulio chini ya gari una unene wa milimita 10 na hauruhusiwi kulika ukawa chini ya milimita 9. Huko Austin mwaka 2023, Lewis Hamilton wa Mercedes na Charles Leclerc wa Ferrari waliondolewa kwenye matokeo kwa sababu hiyo, katika wikendi iliyokuwa na kikao kimoja tu cha mazoezi cha kupangia kimo cha gari.

Baada ya kiasi cha mgandamizo, tazama mizani, yaani sehemu ya mgandamizo inayoangukia magurudumu ya mbele. Lalamiko linalowasumbua wengi ni gari ambalo pua yake hugoma kuingia kwenye kona za polepole na papo hapo mkia wake unataka kuchomoka kwenye kona za kasi. Dereva husikika kama anajipinga mwenyewe, kumbe anaeleza jambo moja: kasi inapopanda, pua ya gari hushuka karibu na lami, na mgandamizo husogea mbele. Ukiongeza pembe ya bawa la mbele utaponya kona za polepole na kuzifanya za kasi ziwe za hatari. Ukiipunguza utapata kinyume chake. Dawa ya muda ni kuikaza springi inayozuia pua isishuke kwenye kasi kubwa, huku fito ya mbele inayozuia gari kulala ikilegezwa ili kona za polepole zisidhurike. Dawa ya kudumu iko kwenye umbo la sakafu na bawa, na hiyo ndiyo inayostahili muda wako wa handaki.

Sakafu mpya yenye mgandamizo mwingi inaweza kurudisha ugonjwa uliokwisha kupona. Ferrari ilileta maboresho Barcelona mwaka 2024, gari likaanza kudunda kwenye kona za kasi, na huko Silverstone timu ikarudi kwenye sakafu ya zamani wakati mpya ikitengenezwa. Kurudi nyuma huko kulikuwa uamuzi sahihi, na baadaye mwaka huo Leclerc aliishindia timu hiyo mbio za Monza.

Msikilize dereva kwa maswali mafupi

Usimwulize dereva kama gari ni zuri. Muulize gari linafanya nini anapofunga breki, anapokata usukani, anapofika katikati ya kona, na anapokanyaga mafuta tena, kisha uyaweke majibu yake juu ya mistari ya data kabla hamjajadiliana. Anaweza pia kugusa jambo ambalo hakuna kitambuzi kinacholipima. Hamilton alilalamika mwaka 2023 kwamba kiti chake kilikuwa karibu mno na magurudumu ya mbele, jambo lililobadilisha namna alivyohisi mwendo wa mkia wa gari. Gari lililofuata lilisogeza kiti nyuma.

Kipime kipuri kipya kana kwamba hukitaki

Kipuri kinapofika, kila aliyekesha akikitengeneza anataka kifaulu, na njia ya mbio husaidia udanganyifu huo kwa sababu lami huwa bora kadiri mpira wa matairi unavyozidi kubaki juu yake. Kipuri chochote kikijaribiwa mwishoni mwa kikao kitaonekana kizuri. Kwa hiyo endesha cha zamani, kisha kipya, kisha cha zamani tena, kwa matairi ya umri uleule na mafuta ya kiasi kilekile, na uipuuze saa kwa muda: soma shinikizo la sakafu na nguvu kwenye fito za springi. Mgandamizo ukionekana kwenye vipimo lakini muda wa mzunguko usipungue, kipuri hakina kosa. Mpangilio wa gari bado ni wa kipuri cha zamani na unahitaji kupangwa upya.

Mkiwa na magari mawili, mnaweza kuyatofautisha kwa makusudi. Timu ya Haas ilimaliza ya tano mwaka 2018 kisha ikaporomoka mwaka 2019 huku kila boresho likizidi kuichanganya. Huko Silverstone, Romain Grosjean alirudishiwa gari katika umbo lake la mbio za kwanza za Melbourne, naye Kevin Magnussen akabaki na lenye vipuri vipya. Lilikuwa jaribio zuri la kihandisi, isipokuwa madereva hao wawili waligongana kwenye mzunguko wa kwanza na wote wakatoka. Timu ilimaliza mwaka katika nafasi ya tisa.

Tumia posho yako ya majaribio

Kuwa nyuma kuna faida moja iliyoandikwa kwenye kanuni. Tangu 2022, muda wa handaki na wa kompyuta umegawanywa kwa kufuata msimamo wa timu: ya kwanza hupewa asilimia 70 ya kiwango cha msingi, na kila nafasi inayofuata huongezewa asilimia 5, hadi ya kumi inayopata asilimia 115. Kwa kiwango cha msingi cha majaribio 320 ya handaki kwa kila kipindi, hiyo ni 224 kwa kinara na 368 kwa aliye nafasi ya kumi. Msimamo huangaliwa upya mwishoni mwa Juni. Fedha, kwa upande mwingine, zina ukomo mmoja kwa wote, na kila ajali hula sehemu ya bajeti ya maendeleo, kwa hiyo panga maboresho machache makubwa badala ya mengi madogo. Sakafu, ukingo wake na mbavu vibuniwe kwa pamoja kwa kuwa hewa yao ni moja.

McLaren ya 2023 ilifuata njia hiyo. Timu ilikiri kabla ya mbio za kwanza kwamba gari halikufikia malengo yake, ikapanga upya uongozi wa kiufundi mwezi Machi, na haikujaribu kulifufua gari kwa viraka vya kila wiki. Maboresho makubwa yalifika Austria mwanzoni mwa Julai, kwanza kwenye gari la Lando Norris. Wiki moja baadaye, Silverstone, Norris alimaliza wa pili na Oscar Piastri wa nne. Mwaka uliofuata timu ilichukua ubingwa wa watengenezaji, wa kwanza kwake tangu 1998.

Weka tarehe ya kuacha

Mwanzoni mwa msimu, kabla hasira na matumaini havijaingia, andika tarehe ambayo wabunifu watahamia kwenye gari la mwaka ujao. Kama kanuni zinabadilika sana, tarehe hiyo iwe mapema. Honda ilifanya hivyo mwaka 2008: iliacha gari lake limalize ya tisa na kuelekeza nguvu kwenye kanuni za 2009. Kampuni ilijitoa Desemba, lakini gari lilikuwa limekwisha kubuniwa, na likiwa na injini ya Mercedes na jina jipya la timu, Brawn, lilishinda mbio sita kati ya saba za kwanza za 2009, pamoja na ubingwa wa madereva na ule wa watengenezaji.

Kama kanuni hazibadiliki, gari bovu bado lina kazi baada ya tarehe hiyo. Lipe vikao vya Ijumaa vya mbio za mwisho: lifunge nguzo za vipimo, liendeshwe kwa vimo vya sakafu ambavyo usingethubutu kuvitumia Jumapili, lijaribishwe springi zilizokusudiwa gari lijalo, na data hiyo ipelekwe kwa wanaochora sakafu mpya kabla umbo lake halijafungwa.